Karatasi ya Dikoni

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye shina la mkungu pale dikoni, wavuvi wa kijiji chetu wanaposhushia samaki, kusini mwa Mombasa. Ulikuwa mwaka 2002. Mwaka uliotangulia serikali ya Kenya ilikuwa imepiga marufuku juya, yaani wavu wa kukokota, na bunduki za kuvulia samaki, na tangu hapo mti ule haukukosa karatasi. Zote zilikuja kwa Kiingereza.

Babu alijua kusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa ofisini humhesabu mtu kama yeye kuwa hajui. Alisoma msahafu, aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na daftari lake la madeni ya samaki lilikuwa safi kuliko langu la hesabu. Herufi za Kizungu tu ndizo hakufundishwa. Jioni ile akaniita.

"Mke wangu, hebu njoo unisomee."

Mimi ndiye mjukuu wake wa kwanza wa kike, na ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. Nilikuwa darasa la tano. Wavuvi wanne watano walisogea kunisikiliza, nami nikasimama wima kama niko mbele ya mwalimu mkuu.

"Fine mesh nets are not allowed."

Mesh sikuijua. Nets nilizijua. Na fine niliijua kuliko neno lolote la lugha ile, maana kila asubuhi mwalimu akiingia darasani tulisimama sote tukaitikia kwa sauti moja: we are fine, thank you teacher. Fine ni mzima, ni salama, ni nzuri. Nikamwambia babu kwamba nyavu nzuri haziruhusiwi.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wenye pay na wenye fine tena. Nani anamlipa nani, sikuelewa. Nikasema kuna malipo mazuri, labda kwa watakaotii.

"Nyavu nzuri zimekosa nini?" babu akauliza. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena, na neno likawa lile lile.

Babu alikuwa na nyavu mbili. Mmoja ulikuwa jarife jipya la macho makubwa, alilolinunua kwa mkopo kwa tajiri wa samaki na alikuwa hajamaliza kulilipa. Wa pili ulikuwa wavu wa zamani wa macho madogo, ulioachwa na marehemu ndugu yake. Huo wa zamani hakuupenda. Alikuwa akisema unakomba watoto wa tasi na wa changu ambao hawajazaa, na mtu akivua samaki ambaye hajazaa amekula mbegu. Ndiyo sababu aliingia deni. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo: sheria na babu yangu walikuwa wanasema kitu kimoja.

Usiku ule alilikunja jarife, akalificha darini. Alfajiri akaingia baharini na wavu wa macho madogo.

Siku ya tatu maofisa wa uvuvi walimngoja ufukweni. Wavu walioukuta ndani ya mtumbwi waliumwagia mafuta ya taa wakauchoma pale pale mchangani, moshi mweusi, harufu ya nailoni. Babu hakubishana. Alisema tu kwamba karatasi alisomewa, akanitazama, kisha akageuza uso haraka watu wasijue ni nani aliyemsomea.

Mahakamani mjini nilikwenda naye, mama amenishika mkono. Hakimu alizungumza Kiingereza, karani akatafsiri. Shtaka liliposomwa nikasikia fine mesh, na karani akasema "nyavu zenye macho madogo." Babu alishtuka. Alikiri kosa bila kujitetea. Kisha hakimu akasema maneno machache, na katikati yake nikalisikia tena, fine, na mara karani naye akatamka:

"Faini, shilingi 3,000."

Fain. Faini. Sauti ilikuwa ile ile moja. Faini niliijua tangu nikiwa mdogo. Chama cha bibi na wenzake kilimtoza faini kila aliyechelewa mkutano. Neno lilikuwa limeishi nyumbani kwetu miaka yote, na pale mtini lilipojitokeza kwa tahajia yake ya Kizungu sikulitambua. Nililia mpaka mama akanitoa nje.

Fedha zilitoka kwa tajiri yule yule, juu ya deni la jarife. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia babu kwamba kosa lilikuwa langu. Hakunijibu. Lakini baada ya isha aliniita, akafungua daftari la madeni ukurasa wa mwisho, akaandika fe, alifu, ye, nuni. Akataka nimtajie maana zote ninazozijua sasa, moja moja, naye akaziandika chini yake: mzima. Macho madogo. Faini.

Siku hizi natafsiri nyaraka kwa kazi, na neno hilo halijaniisha hamu. Unga wa fine ni unga laini, uzi wa fine ni mwembamba, dhahabu ya fine ni safi isiyochanganywa. Kamusi zinalirudisha hadi Kilatini, finis, yaani mwisho: kitu kilichotengenezwa kikafika ukamilifu wake, na pia fedha iliyolipwa ili shauri liishe. Maana zilizotukosesha usingizi zilitoka tumbo moja. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na mimi kila nikiona tangazo la wavuvi lililoandikwa kwa Kiingereza peke yake naliandikia barua. Hazijibiwi zote. Naandika tu.

Daftari la babu ninalo. Chini ya zile maana tatu ipo ya nne, kwa wino mwingine na mkono uliokwisha kutetemeka. Ni ya siku niliyorudi likizo kutoka sekondari nikamsomea gazeti, habari za hali ya hewa, nikafika kwenye fine nikasita. Akaniuliza hapa inasema nini. Nikatazama nje, nikatazama tena ukurasa kabla sijamjibu. Ameandika: bahari shwari.