Boti ya mbao isiyo na bamba: nilivyoitambua na kuziba uvujaji, Jinja

Boti ya futi 18, haina bamba la mtengenezaji wala karatasi. Namba ya injini haisaidii sana, maana injini hubadilishwa. Kagua mwili wenyewe. Vipimo vya mataruma (mbavu za ndani za boti) viliangukia inchi kamili, na mbao za ubavu zimepandana kwa ribiti za shaba nyekundu: mtindo wa Kiingereza. Ila mbao ni mvule, mti wa huku, kwa hiyo huenda ilijengwa huku huku Afrika Mashariki.

Maji yaliingilia kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Fundi fulani alikuwa amepigilia misumari ya chuma kando ya shaba. Vikilowa pamoja, chuma huliwa haraka na mbao inayokizunguka hulainika. Niling'oa yote, nikaziba matundu kwa vijiti vya mvule na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), nikakaza skurubu za bronzi. Kiungo cha mkuku na ubao wa kwanza nilikikalafati, yaani nilikiziba kwa kupigilia pamba, kisha pati laini (lahamu ya kuzibia).

Mahali mbao za ubavu zilipopandana usipige pamba kamwe! Zikivimba, ribiti hulegea. Epoksi ya kupaka nje nzima nayo hupasuka, kwa sababu mbao hucheza.

Ukiishusha ziwani, ifunge kwenye kina kifupi, pampu ikiwa tayari. Mbao kavu huvuja mpaka zivimbe.