Hema letu liko Bagamoyo

Jamaa wa Lubumbashi, tumefika! Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, mpaka bahari. Tumepiga hema chini ya minazi. Bibi anasonga bukari, ugali wetu, huku upepo ukirusha mchanga mpaka kwenye sufuria, na watoto wanakula hivyohivyo.

Jana tulienda Kaole kuona magofu ya misikiti yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kifungua mimba wangu alipapasa ukuta, akauliza kama jiwe hilo liliwahi kuwa hai. Ndiyo mwanangu, lilikuwa hai, baharini. Misheni ya Kikatoliki ya 1868 tuliipitia haraka, jua lilikuwa kali.

Kilichonigusa ni njia ya misafara. Pembe za ndovu za M'Siri, mfalme wa zamani wa Bunkeya kwetu Katanga, zilifika pwani hii ya mashariki mabegani mwa wapagazi. Kwa miguu! Wazazi wa Katanga, leteni watoto waione.