Deni la Mama Mikindani

Nauli ya kosta kutoka Lindi hadi Mikindani ni ileile ya kufika Mtwara mjini. Nilipomkumbusha konda kwamba Mikindani iko kama kilomita kumi kabla ya mji, akanijibu, "Dada, siti ikishakaliwa imekaliwa." Nikalipa. Kwenye mkoba nilikuwa na bahasha yenye elfu arobaini na tatu za kulipa deni la marehemu Mama, na sikutaka siku ya namna hiyo ianze kwa ugomvi wa buku mbili.

Safari ya kutoka Dar sina la kuisimulia. Tuliondoka Mbagala alfajiri, nikalala, nikazindukia Rufiji darajani, nikalala tena. Mama asingelala. Yeye ni wa enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ambapo masika mabasi yalikwama kwenye tope na abiria wakapika wali kando ya barabara. Kila nilipovuka naye lile daraja aligonga kioo cha dirisha kwa pete yake, mara moja tukiingia na mara moja tukitoka. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Arobaini ilipita salama. Tulisoma, tulikula, wageni wakatawanyika. Kilichonibakiza Lindi ni daftari.

Ni kaunta buku alilolivalisha karatasi ya kalenda, na humo Mama aliandika maisha yake yote bila kuandika sentensi hata moja. Kurasa za mbele ni vipimo vya watu: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Zinafuata za vitumbua, nani kachukua vingapi asubuhi. Halafu kilo za korosho alizopeleka chama cha msingi, mifuko ya salfa ya mikorosho aliyokopa, viroba vya chumvi mwaka aliojiingiza kwenye chumvi na kutoka na hasara. Mahali pengine kaandika, "Asumini, Kitunda, kopo lao nirudishe," maana alikuwa anavuka ghuba kwenda kuomba vipandikizi vya maua kama wengine wanavyokwenda kuomba moto. Penye deni hapakuwa na tarakimu. Vijiti vinne, cha tano kinavikata. Kijiti kimoja, elfu moja. Ualimu ulimtoka mwilini lakini hiyo hesabu ya ubaoni haikumtoka.

Siku ya maziko kaka alitangaza kama ilivyo ada, anayemdai marehemu ajitokeze. Wakajitokeza watu watatu, tukamalizana nao palepale. Ukurasa wa mwisho wa daftari tuliufungua baada ya wiki mbili. Juu umeandikwa "Nadaiwa", chini yake "Mikindani, Bi Mkubwa wa mkunazini", na vijiti arobaini na vitatu. Kaka akasema roho ya Mama isining'inie kwa elfu arobaini na tatu, aende mtu. Mtu huwa ni mimi, kitinda mimba.

Basi nikawa dirishani, Julai, mikorosho imeanza kutoa maua na upepo unaleta harufu ya salfa. Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapochepuka, nilinunua fungu la ming'oko. Elfu moja, na mizizi yenyewe myembamba kama vidole vya mtoto, chumvi na pilipili imefungwa kwenye kipande cha daftari la shule. Zamani kwa hela hiyo ungekula hadi ukashindwa. Lakini ming'oko Dar haipatikani, kwa hiyo nilimenya kimyakimya.

Vidole vilinirudisha kwa Mama. Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole nilimpeleka mwenyewe. Kijana wa usajili akamwambia weka kidole gumba, mashine ikakataa. Akamfuta kwa kitambaa, ikakataa. Vikajaribiwa vidole vyote kumi. Kijana akageuza mkono wa Mama kwenye mwanga: ncha zilikuwa laini, zinang'aa kama kijiko kilichotumika miaka. Mama akamwambia, "Andika huko kwamba korosho zimekula." Alichokisema ni kweli tupu. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, na yeye aliyashika kiwandani Mtwara, kabla ya sindano na jiko la vitumbua kumalizia kazi.

Kiwandani alifikaje ni hadithi ya ndoa. Alianza na ualimu wa UPE, elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977, watoto wote walipotakiwa shuleni, walimu wakawa hawatoshi, na waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wenyewe wakifundishwa. Alikuwa na wanafunzi waliomzidi kimo. Akaolewa, akamfuata Baba Mtwara, akabanguliwa na korosho kabla hajazibangua, kama alivyopenda kusema. Kiwanda kilipofungwa watu walilaumu mashine. Mama alisema mashine zilikuwepo, zisizokuwepo ni korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, halafu watu wakawa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini haina wa kuipalilia. Alizijua takwimu hizo kwa kichwa, na akizitaja utadhani alidhulumiwa yeye binafsi.

Mikindani barabara inaishukia bahari ghafla. Maji yalikuwa yamekupwa, ghuba nzima tope na harufu. Nilipokanyaga chini tu bodaboda wakanizunguka. "Dada, Livingstone au Boma?" Boma ni ngome ya Wajerumani, na Livingstone ndiye Mzungu aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866, kuna nyumba ina mlango wa nakshi na kibao chake. Kwa vile nilivaa raba na miwani, nimeshakuwa mtalii kilomita mia moja kutoka kwetu. Nikasema namtafuta bibi mmoja anakaa mkunazini. "Mkunazini? Mbali, elfu nne." Tukapanda mlima, tukashuka, tukapita vichochoro vya nyumba za mawe zilizoota mimea ukutani, tukatokea kwenye mkunazi. Nilipotazama kulia niliiona kosta ileile bado inapakia. Tulikuwa hatua sitini kutoka nilipopandia bodaboda. Kijana alishaondoka, na elfu nne zangu.

Bi Mkubwa alikuwa uani, juu ya mkeka, anasuka ukili.

"Hodi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. We wa Lindi." Hakuuliza, alisema. "Una paji lake la uso. Pole sana. Mguu ndio ulionizuia kuja."

"Tumeshapoa, bibi."

Tukanyamaza kidogo kama inavyotakiwa. Kisha nikatoa bahasha, nikaiweka mkekani kwa mikono miwili, nikasema maneno niliyoyapanga tangu Mingoyo, kwamba tumekuta kwenye daftari la marehemu, tunaomba radhi kwa kuchelewa, atusamehe. Bibi akaifungua. Akahesabu noti. "Za nini?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, halafu akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, mpaka mjukuu wake akatoka ndani kuangalia kuna nini. "Mwanangu, hizi si hela. Haya ni mabao. Mabao niliyomfunga."

Akamtuma mjukuu uvunguni. Likatoka bao, jeusi kwa mafuta ya viganja, na kete za komwe kwenye kopo la maziwa. Kopo nililitambua. Lilikuwa na rangi ya kijani ambayo Mama alipakia makopo yake yote ya maua.

Miaka yote tuliambiwa anakwenda Mikindani kuchukua tenda za nguo. Kweli alikuwa anarudi na vitambaa, viwili vitatu. Mama yetu, aliyetuchapa kwa kucheza karata mwezi wa Ramadhani, shabiki wa Yanga wa kusikiliza redioni amefumba macho, alikuwa anapanda kosta kwenda kucheza bao. Mimi nilidhani bao ni la wazee wa kiume barazani. "Ndiyo maana tunacheza uani," bibi akasema.

Walianzia kiwandani. Saa ya chakula walichimba mashimo thelathini na mawili mchangani nyuma ya ghala, na kete zao zilikuwa korosho ghafi. Sitini na nne kamili, kila siku wanazirudisha zikiwa kamili, kwa sababu getini mlikuwa na upekuzi na nyapara asingeamini kwamba mtu ana korosho mfukoni kwa ajili ya kuchezea.

"Sasa," bibi akasema, akalichukua daftari tena, "umesema ngapi hapa?"

"Arobaini na vitatu."

"Mwizi! Arobaini na sita."

Nyuma ya mlango wake kulikuwa na vijiti vya mkaa, akaniamuru nihesabu. Sita na arobaini. Mawili, akaeleza, Mama aliyafungwa magharibi, mbio mbio kuwahi gari la mwisho, akasema atayaandika akifika. La tatu lilivurugwa na mbuzi. Mbuzi alipita juu ya bao, lakini mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba Mama alikuwa ameshabakiwa na kete mbili mstari wa mbele. Mama alishikilia kwamba bao la mbuzi halina mshindi. Walinuniana mwezi mzima.

"Na yeye alikufunga mangapi, bibi?"

"Hayo angeyaandika yeye."

Nikapekua daftari lote. Hakuna. Anachodaiwa kipo hadi kopo la asumini. Anachodai, hakuna mahali.

Pesa alikataa, isipokuwa alinituma ufukweni kununua pweza kwa hela hizo hizo, na nazi mbili. Pweza mmoja elfu kumi na mbili, si mkubwa. Muuzaji naye aliniona mtalii. Tukala, kisha bibi akapanga kete. Kila upande mashimo kumi na sita, sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, mbili na mbili pembeni yake, zilizobaki mkononi. Akanifundisha kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi mojamoja, kula za mwenzio, na kutakata, kucheza bila kula. Nyumba ndiyo iliyonishinda. Ukiila kete na ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako iliyojaa, una hiari: ilale, uishie hapo, au isafiri, uzisambaze kete zake.

"Mama yako siku zote inalala," akasema. "Nilimwambia, nyumba isiposafiri mwenzio ataila hapohapo ilipo. Hasikii. Anaikalia."

Nikakumbuka chumba kule Chanika, Dar, tulichokijenga na kukipaka rangi kwa ajili yake, alichokilalia mara mbili akalalamika maji yana ladha ya bomba.

Ya kwangu niliisafirisha mara ya kwanza tu nilipopata nafasi. Kete zikazunguka, zikalala pabaya, na bibi akanimaliza mstari wa mbele hata hatujatoka kwenye namua. "Hamna!" akapiga kelele, akapiga na kofi.

Gari la jioni lilitoka Mtwara limejaa. Konda akataka nauli ya kuanzia Mtwara, na safari hii sikupewa hata siti, nikasimama mpaka Mingoyo. Nilipopata kukaa nikatoa kalamu na daftari. Chini ya vile arobaini na vitatu nikaongeza vijiti viwili. Cha mbuzi nimemkatalia. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Nadaiwa", nikaweka kimoja.