Puebla, Lugalo na kelele za spika

Kuna dogo anapita hapa Miyomboni, Iringa mjini, na mkokoteni wa viatu vya mtumba, spika kaifunga kwa mpira wa baiskeli, sauti imerekodiwa inajirudia tu "elfu tano elfu tano chagua mwenyewe", na kila akipita mi nacheka peke yangu kama chizi maana ananirudisha Puebla. Wengi mmeniuliza Meksiko kukoje nikawa najibu pazuri tu, basi leo niandike.

Nilikaa Puebla karibu mwaka mzima kimasomo. Mji mkubwa, uko juu zaidi ya mita 2,100, kwa hiyo baridi ya asubuhi haikunitisha, mtoto wa Iringa. Kilichonitisha ni ule mlima wao, Popocatépetl. Siku ya kwanza kuuona unafuka moshi nilikimbia kumwita mama mwenye nyumba, akatoka na mwiko mkononi, akauangalia, akasema ndivyo ulivyo huo, akarudi kwenye maharage yake.

Sasa mitaani, yaani kelele! Gari la gesi linapita, la taka linapiga kengele utoke na mfuko wako, mnoa visu anapuliza kifilimbi chake, halafu kuna pikapu inanunua magodoro, mafriji, majiko na vyuma chakavu, ina sauti ya katoto ka kike imerekodiwa, katoto hakohako kila mtaa. Nikasema hawa ni ndugu kabisa na jamaa zetu wa "betri mbovu, pasi mbovu". Jioni anakuja mtu wa viazi vitamu. Mkokoteni wake una moto ndani, mvuke ukijaa anauachia unapiga mluzi kama treni, mara ya kwanza niliangusha simu. Na viazi vyenyewe unamwagiwa maziwa mazito ya kopo yale ya sukari. Nilimwambia bibi kwenye simu, akauliza huyo anayemwagia maziwa kwenye kiazi ana akili timamu?

Mahindi asili yake ni huko, kwa hiyo nilijiona nimeenda kusalimia ukweni. Mhindi wanaupaka mayonezi, jibini, pilipili na ndimu. Pilipili na ndimu sawa, tunaelewana, ila mayonezi ilinichukua kama wiki mbili kukubali. Kuna na pombe yao inaitwa pulque, wanagema utomvu wa mmea mmoja wa jamii ya katani, mweupe, unachacha wenyewe. Nikaonja nikasema jamani huu si ulanzi huu, pombe yetu ya mianzi? Asubuhi mtogwa, bado mtamu, jioni mkangafu, umeshachacha, hadithi ileile.

Sherehe sasa. Septemba ikianza tu mikokoteni ya bendera inajaa kila kona, kijani nyeupe nyekundu, kuanzia ya kubandika kwenye gari mpaka ya kufunika nyumba. Hata msosi unavaa bendera, pale Puebla kuna pilipili kubwa wanaijaza nyama na matunda, juu wanamwaga rojo nyeupe ya jozi, wanatupia punje nyekundu za komamanga na majani ya kijani. Usiku wa tarehe 15 mji mzima unahamia uwanja wa katikati mbele ya kanisa kuu, watoto wanarushiana mapovu ya kopo (yaliniingia machoni, nikaona shughuli nusu), na inapofika saa 5 usiku gavana anatoka kwenye roshani, anataja jina la shujaa mmoja mmoja, umati unaitikia "Viva!", ni kama hoyee zetu, mwisho Viva México mara tatu, kengele, fataki, basi.

Wanachokumbuka ni padri Miguel Hidalgo wa mji wa Dolores, aliyepiga kengele ya kanisa alfajiri ya tarehe 16 Septemba 1810 akaita watu waamke dhidi ya Wahispania. Alikamatwa na kuuawa mwaka uliofuata tu, uhuru wenyewe umekuja 1821. Yaani sherehe yao kubwa ni ya siku ya kuanza, sio ya kupata. Hapo ndo nilianza kufikiria.

Halafu kuna tarehe 5 Mei. Mnaoona Wamarekani wakinywa siku hiyo mkadhani ndo uhuru wa Meksiko, hapana. Ni siku jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza liliwapiga Wafaransa palepale Puebla, 1862. Sehemu nyingine za nchi siku inapita kimyakimya, ila Puebla ni gwaride, wanafunzi na ngoma masaa na masaa, mama mwenye nyumba alitoka na kiti chake alfajiri kuwahi kivuli. Mpaka mji umebeba jina la Zaragoza. Nikamuuliza mama, kwa hiyo Wafaransa waliondoka? Akasema wapi, mwaka uliofuata walirudi wakauchukua mji. Sasa mnasherehekea nini? Akaniangalia kama nimeuliza ujinga: siku ile si tuliwapiga?

Mwe! Mi natoka Iringa jamani. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtwa wa Wahehe, waliwamaliza askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, Zelewski mwenyewe akafia hapo. Baadaye ndiyo, 1894 Wajerumani wakaivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, lakini siku ile si tuliwapiga? Na mnara uliopo Lugalo ni wa Wajerumani kukumbuka watu wao, mabasi ya Dar yanaupita mbio, abiria wanagombania chaji ya simu.

Niliporudi nikamweleza baba mdogo, akasema basi twende. Tarehe 17 tukapanda boda, mshikaki. Nilitaka tubebe ulanzi ila Agosti msimu umeisha zamani, tukabeba soda. Hakuna mtu, upepo na vumbi tu, na katoto kanachunga mbuzi. Baba mdogo akavua kofia akasimama. Mi nikajikaza nikapiga kelele kama gavana wa kule, "Mkwawaaa!" Baba mdogo akaitikia hoyee, kwa aibu kidogo. Nikarudia mara tatu.

Katoto kakatusogelea, kakamwamkia baba mdogo kamwene, kakatuangalia juu mpaka chini, kakauliza: "Kwani mnauza nini?"