Jani lenye harufu ya iliki

Jana kijana aliyekuja kupunguza ua alifyeka ile tangawizi ya maua kando ya tangi la maji, na harufu ya iliki ikaingia mpaka jikoni. Mama akainua kichwa. Nikajua tumekumbuka siku ile ile.

Ni ile yenye majani ya mistari ya manjano, na maua yanayoning'inia kama kishada cha simbi, meupe yenye ncha za waridi. Nilinunua mche kwa wauza miche wa barabarani hapa Kisumu, kwa urembo tu. Baadaye nikapata kujua kwamba Brazili hunywa chai ya majani yake kwa ajili ya presha, na kule Okinawa, Japani, huyafungia keki za mchele. Mama ana presha. Nikaanza.

Nilichukua jani moja bichi lisilokauka kingo, nikaliosha vumbi, nikalikata vipande vya upana wa kidole. Vikombe viwili vya maji yaliyotoka kuchemka, halafu nafunika dakika kumi. Kufunika ndiko kwenyewe: mafuta yenye ile harufu hupaa na mvuke, na ukiiacha sufuria wazi au ukachemsha muda mrefu, unabaki na maji yenye ukakasi tu. Siku tatu kikombe kimoja asubuhi. Siku ya nne nikaweka majani mawili.

Mama alikuwa kwenye kigoda uani, akichambua managu. Akainuka na sufuria. Hatua ya tatu akasimama. Mkono mmoja ukatafuta ukuta, ukapapasa hewa kwanza. Sufuria ikainama, managu yakawa yanadondoka kidogo kidogo kwenye kanga yake, naye anayatazama kama yanaangukia mbali sana.

"Mwanangu, mbona kumekuwa giza?"

Saa tano asubuhi, jua limewaka. Nilimdaka kwapani. Mgongo wa gauni ulikuwa umelowa jasho la baridi. Nikamlaza mkekani, miguu juu ya kigoda.

Mashine ya presha ilisoma 88 kwa 54, chini mno. Kliniki wakauliza anatumia nini. Nikataja vidonge vyake vya presha, halafu, kwa sauti ndogo, chai. Vidonge vinashusha, majani nayo yanaweza kushusha. Kidonge kimeandikwa miligramu zake. Jani halina kipimo, na hata majani ya shina moja hayalingani, kwa umri na kwa msimu.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa chai, au jua, au kwamba Mama hakuwa amekula. Najua kadi yake ya kliniki ilikuwa kwenye droo ile ile nilimotoa kisu cha kukatia majani, na sikuifungua.

Jana niliokota majani mapana yaliyofyekwa, nikafungia samaki, nikamvukisha. Mama alikula wote. Akalinusa jani, akalikunja, akaniangalia.

"Na ile chai, hutengenezi tena?"

Nilikuwa na jani lingine mkononi.