Kumbukumbu ya mradi: pindo la kanga limeacha kucheza kwenye projekta

Hatimaye pindo limetulia! Jioni nne zimeishia kwenye mistari ya milimita 2, na wasilisho lenyewe mbele ya jopo ni la dakika 20 tu.

Mradi ni kanga ya sentimita 150 kwa 110 inayofuata kisutu, ile kanga ya jadi ya rangi tatu: nyekundu, nyeusi, na nyeupe ambayo ni kitambaa chenyewe, kwa hiyo skrini za kuchapia ni mbili. Jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ndani ya pindo kuna mistari myeusi juu ya nyekundu, unene milimita 2, nafasi milimita 2. Kitambaani imetoka safi. Ukutani ikawa balaa: mawimbi yanatembea kutoka kona hadi kona, mstari mmoja mnene, unaofuata haupo kabisa. Mtu akiona hivyo anadhani mchoraji ndiye aliyekosea, na hapo maelezo yote ya mji (mchoro wa katikati) na jina hayasikiki tena.

Sababu ni hesabu. Projekta ya pale ukumbini ina pikseli 1280 kwa 800. Kanga nzima ikikaa kwenye slaidi kwa kimo cha pikseli 660, kila sentimita inapata pikseli 6, na mstari wa milimita 2 unapata 1.2. Hakuna pikseli 1.2. Basi programu inakisia, komputa iliyowekwa 1920 kwa 1080 inakisia tena, projekta inakisia mara ya tatu, na ile kinyoosha-picha ya projekta iliyoinamishwa inakisia mara ya nne. Makisio manne juu ya mistari myembamba namna hiyo, mawimbi lazima yatoke.

Kuongeza ukubwa wa picha hakusaidii. Faili la pikseli 6000 lilicheza vibaya kuliko la 2000. PDF nayo ilionekana dawa, mpaka ilipogundulika kwamba Acrobat ina mpangilio wa kukoleza mistari myembamba, nao huwa umewashwa. Uzime kwanza ndipo uihukumu PDF. PowerPoint nayo hubana picha wakati wa kuhifadhi, usipoikataza kwenye mipangilio ya faili. Kwa kazi hii programu ya kuchorea ya Inkscape ndiyo bora: unaiambia idadi kamili ya pikseli nayo inatoa hiyo hiyo.

Kilichofanya kazi:

Komputa imewekwa 1280 kwa 800, slaidi nazo 16:10, na projekta imesawazishwa kwa vitabu viwili chini ya miguu yake badala ya kunyooshwa kwa kitufe. Makisio matatu yameondoka hapo hapo. Kisha kona ya kanga imetolewa kwa pikseli 15 kwa kila sentimita, yaani mstari wa milimita 2 ni pikseli 3 kamili, na mstari wa kwanza umesogezwa uanzie kwenye pikseli nzima. Slaidi inabeba sentimita 85 kwa 53, karibu robo ya kanga. Kwa kuwa pindo linajirudia pande zote, robo inatosha kabisa kueleza mchoro.

Kanga nzima ndiyo ilibaki kichwa kigumu, maana pale 1.2 haikwepeki. Jibu: usichore mistari. Mtu aliyekaa mbali na kanga haoni mistari hiyo, anaona wekundu uliokolea. Basi kwenye slaidi hiyo eneo la mistari limejazwa rangi moja. Angalia hapa: nusu ya eneo ni nyeusi, kwa hiyo mwanga unabaki nusu, lakini nusu ya nyekundu 200, 30, 30 (namba za komputa za nyekundu, kijani na bluu) si 100, 15, 15. Namba hizo hazipandi sawa na mwanga. Nusu ya mwanga ni 146, 19, 19. Kwa 100 pindo lilionekana kama damu iliyokauka. Kwa 146 limefanana na kitambaa kilichotundikwa pembeni.

Slaidi ya historia, zile leso zilizoshonwa pamoja, imeondolewa. Wasikilizaji ni watu wa Dar, wanaijua. Nafasi yake imechukuliwa na swali ambalo jopo huuliza kila mara: kwa nini milimita 2 na si 1? Kwa sababu wino husambaa kwenye pamba na mistari ya milimita 1 huzibana. Pia nyeusi imepandishwa juu ya nyekundu kwa milimita 1, ili skrini ikiteleza kidogo weupe usichungulie. Picha mbili za karibu, moja imezibana na moja safi, zinamaliza maelezo hayo kwa sekunde 40.

Picha ya mwanamke aliyejifunga kanga ilikuwa kwenye mpango, imeachwa. Wazo jipya ni zuri zaidi: jina limechapwa kwa ukubwa wake halisi kwenye A3 mbili zilizounganishwa, sentimita 84, lizunguke mikononi wakati slaidi ya 4 iko ukutani. Doti yenyewe itatandikwa mezani mwishoni.

Imebaki nyeusi. Projekta haimwagi weusi, inaacha tu ukuta kama ulivyo, kwa hiyo mji ulionekana kijivu juu ya usuli wa kijivu. Usuli ukiwa mweupe, jicho linauona mji mweusi zaidi, na pazia likifungwa ndiyo kabisa. Slaidi ya 3 na ya 4 zimeshageuzwa, ya 5 bado.