Saini Na. 61

Kiwanja cha mpira cha kijiji chetu, kilichopo upande wa Muheza mkoani Tanga, kimepungua kwa hatua 30 upande wa barabara. Palipokuwa na goli la mashariki leo pana ghala la bati ambamo machungwa hukusanywa kabla ya kupakiwa kwenye malori, na kijana akipiga shuti likapaa, bati hulia kishindo na mlinzi hutoka nje kufoka. Hatua hizo 30 nazijua vizuri, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliozipima kwa miguu, na kwa sababu miezi minne kabla ya kuzipima jina langu lilikuwa limekwisha kutumika kutoa eneo kubwa zaidi ya hilo, bila mimi kufahamu.

Mwaka 2012 nilikuwa na umri wa miaka 20. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma, matokeo yangu hayakunipeleka popote, na nilikuwa nikimsaidia baba katika shamba la machungwa huku nikingoja bahati ambayo sikujua ingetokea upande gani. Vijana wa rika langu tulikuwa wengi, na jioni zote tulikutana kiwanjani. Huo ndio mwaka ambao Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kukusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya, kwa hiyo pale kijiweni tulizungumza sana habari za madaraka ya Rais na muundo wa Muungano, na kila mmoja wetu alikuwa na msimamo. Kuhusu ofisi ya kijiji, iliyokuwa mwendo wa dakika tano kutoka tulipokaa, hatukuwa na msimamo wowote, isipokuwa kulalamika kwamba wazee hawatushirikishi.

Jumapili ya tarehe 6 Mei kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji, na kulikuwa pia na mchezo wa Simba na Yanga. Sidhani kama nahitaji kueleza tulikwenda wapi. Tulikuwa kama kumi hivi, tumeizunguka redio ya fundi baiskeli, wengine tukiwa watu wa Yanga na wengine wa Simba, tukitambiana kabla mpira haujaanza. Ndipo akaja kijana wa mgambo akihema, akasema kwamba mwenyekiti anatuomba twende mara moja tukatie saini, kwa kuwa akidi haijatimia na mkutano hauwezi kufunguliwa. Alisema ni shughuli ya dakika mbili. Tukainuka, tukaenda mpaka chini ya mwembe wa ofisi, tukawaamkia wazee waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya shule, na mtendaji wa kijiji akatusogezea kaunta buku yenye mgongo mwekundu, iliyochorwa safu nne kwa rula: namba, jina, kitongoji, saini. Tulitia saini kwa kupokezana peni moja, tukasimama nyuma kidogo kwa adabu mpaka dua ya kufungua mkutano ilipokwisha, kisha tukarudi redioni mmoja baada ya mwingine.

Yanga walifungwa mabao matano bila. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nikipita njia za mashambani ili nisikutane na watani, na sikumbuki kama kuna aliyeniuliza wala niliyemuuliza kilichozungumzwa kule mkutanoni.

Mwezi Juni mwishoni tulikuta vigingi kiwanjani. Vilikuwa vigingi vinne vya mti vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, viwili kando ya barabara na viwili ndani kabisa ya uwanja, kimoja kati ya hivyo kikiwa hatua chache tu kutoka alama ya katikati. Tukauliza, tukaambiwa kwamba kijiji kimempa ekari moja mfanyabiashara wa machungwa ili ajenge ghala. Anayejua kwamba ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70 ataelewa kilichokuwa kimebaki, kwa maana kiwanja chetu hakikuzidi hatua 110 kwa urefu. Nahodha wetu alitaka ving'olewe usiku uleule na vitumike kama kuni.

Aliyetuzuia ni mwalimu mstaafu aliyetufundisha wengi wetu kusoma. Alitukuta tumejazana pale, tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ileile ya darasani, "Nasikia mnataka kung'oa vigingi. Mkishaving'oa, muhtasari nao mtaung'oa?" Hatukuelewa. Akatuita barazani kwake kesho yake, akatoa ndani ya bahasha kuukuu nakala za sheria mbili zilizofifia wino, akatusomea akitembeza kidole mstari kwa mstari. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18, si wa wazee wala si wa wenye mashamba makubwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia.

"Kwa hiyo aliyemgawia mfanyabiashara huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Kama imeandikwa kuwa mkutano uliridhia, basi ni ninyi. Mkutano wa Mei mlikuwepo?"

Tukamjibu kwa pamoja kwamba hatukuwepo. Ninaapa kwamba hatukuwa tunamdanganya Mwalimu. Zile dakika mbili za kaunta buku zilikuwa zimetutoka kabisa. Akatueleza kwamba muhtasari hubaki maneno ya mwandishi hadi usomwe katika mkutano unaofuata na wenye mkutano wakubali kuwa ndiyo yaliyosemwa, na kwamba mtu mwenye neno hulisema hapo, kabla ya kuthibitishwa, si baadaye njiani. Ajenda hiyo ya kusoma na kuthibitisha, alisema, watu wengi huitumia kutafuta mahali pa kukaa. Basi tukakubaliana kuingoja.

Mkutano uliofuata ulifanyika Jumamosi moja asubuhi katikati ya mwezi wa Agosti, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida kwa sababu mtendaji wa kata alikuja kueleza habari za Sensa ya tarehe 26. Sisi vijana tulifika zaidi ya arobaini. Tulikaa mbele, jambo ambalo lilifanya baadhi ya wazee watutazame kwa mashaka, na nilichaguliwa kuwa msemaji kwa sababu tu nilikuwa na sauti na sikuwa na hasira kama nahodha.

Mtendaji wa kijiji alisoma muhtasari kwa kasi ya mtu anayewahi mvua. Alipofika Mengineyo, kipengele (b), akasoma kwamba mkutano uliridhia kwa kauli moja kutolewa kwa ekari moja katika eneo la kiwanja kwa ajili ya ghala la mazao. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeikariri sentensi yangu usiku kucha: "Ndugu Mwenyekiti, naomba muhtasari huu usithibitishwe, kwa sababu sisi vijana, ambao ndio watumiaji wa kiwanja, hatukuwepo wala hatukushirikishwa."

Mwenyekiti, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mkubwa, hakukasirika. Alivaa miwani yake, akaichukua kaunta buku, akafunua kurasa mbili nyuma, akatembeza kidole juu hadi chini, kisha akanitazama. "Njoo hapa, mwanangu. Wasomee wananchi namba 61."

Nilikwenda. Ukurasa ulikuwa na alama ya duara ya kikombe cha chai pembeni, na chini ya duara hilo lilikuwapo jina langu kamili, jina la kitongoji changu, na saini ambayo nilikuwa nimeibuni nikiwa kidato cha pili na kuijaza nyuma ya madaftari yangu yote, yenye herufi ya kwanza iliyopinda kama ndoano na mkia mrefu unaorudi nyuma kupigia mstari jina zima. Mkia huo ulikuwa umevuka safu na kuingia kwenye namba 62, ambayo ilikuwa ya nahodha wetu. Kuanzia hapo hadi namba 70 tulikuwa ni sisi tupu, kwa wino uleule wa bluu uliokuwa ukikatika mwishoni mwa kila jina.

"Hiyo saini ni ya nani?"

"Ni yangu, baba mkubwa." Ile "Ndugu Mwenyekiti" ilikuwa imeniponyoka.

Watu wakacheka, na sikuweza kuwalaumu. Nilisimama pale nikisikia masikio yanawaka moto, nikiwaza kwamba nikikana nitaonekana mwongo na nikikubali nitakuwa nimeumaliza mjadala kwa kinywa changu. Nikaona kheri aibu ya kusema kweli. Nikasema kwamba ni kweli nilitia saini, kwamba tuliitwa ili akidi itimie, na kwamba tulikwenda kusikiliza mpira kabla ajenda ya kwanza haijafunguliwa. Nikaongeza kwamba kama kuna yeyote aliyetuona tukinyoosha mikono juu ya kipengele (b), aseme.

Kikao kilinyamaza kwa muda. Aliyevunja ukimya ule ni bibi mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni. Alisema akiwa amekaa, bila kunyanyua kichwa, kwamba yeye alikuwepo mpaka mwisho na kwamba watoto wale hawakuwepo, lakini na yeye ana lake: siku ile jua lilikuwa linazama, nusu ya watu wamekwisha ondoka, na alichosikia ni "mahali pa kupakilia machungwa", akadhani ni kwa msimu mmoja. Neno ekari hakulisikia. Mzee mwingine akadai lilisemwa, wa tatu akadai lilisemwa lakini si moja, ni nusu, na hapo mkutano ukawa na mihtasari mitatu kwa wakati mmoja. Mtendaji wa kata, ambaye nadhani alitaka sana kurudi kwenye Sensa yake, akashauri kwamba jambo zito kama ardhi halikustahili kupita kwenye Mengineyo, na kwamba kipengele hicho kiondolewe na kiitiwe mkutano maalumu wenye ajenda hiyo peke yake.

Pale ndipo mwenyekiti aliposema jambo ambalo mpaka leo linanifanya nisite kumhesabu kuwa mtu mbaya katika kisa hiki. Alisema kwamba mfanyabiashara yule aliahidi bati za kuezekea darasa la shule ya msingi, ambalo kuta zake zilikuwa zimesimama misimu miwili ya mvua zikinyeshewa, na akatuuliza sisi vijana, bila kejeli, kama katika vikao vyetu tulikuwa tumefikiria bati zitoke wapi. Darasa hilo lilikuwa nyuma ya goli la magharibi. Tulikuwa tukikausha jezi zetu juu ya kuta zake. Katika miezi ile yote ya kuhamaki hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

Mkutano maalumu ulifanyika Septemba. Kabla yake tulipima, wazee watatu na vijana watatu, tukihesabu hatua kwa sauti na kubishana juu ya urefu wa miguu, maana mzee mmoja alikuwa mfupi na nahodha wetu ana hatua za twiga. Pendekezo lililoletwa likawa hatua 30 kutoka barabarani, zikodishwe badala ya kutolewa moja kwa moja, kodi iingie akaunti ya kijiji na isomwe kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na bati zitolewe kwanza. Nilinyoosha mkono kupinga, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba ghala lingeweza kujengwa kwenye kichaka kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Tulishindwa kwa kura nyingi. Baadhi ya vijana wenzangu waliunga mkono upande wa pili, na mmoja aliniambia baadaye kwamba mdogo wake yuko darasa la tatu na anasomea chini ya mti. Sisi tulitakiwa kusogeza goli na kusawazisha eneo jipya kwa msaragambo wa Jumamosi mbili. Ya kwanza tulikuja wengi, ya pili tulikuja sita.

Siku hiyo ya Septemba mtendaji wa kijiji alikuwa na kidonda cha kidole, akaniomba nimsaidie kuandika yeye akinitajia. Nilikaa kando ya meza nikiwa na kaunta buku ileile, nikichelea kupindua kurasa za nyuma. Niliandika waliohudhuria, ajenda, hoja za pande zote mbili na hesabu ya mikono iliyonyooshwa, na mahudhurio tuliyazungusha mwisho, baada ya kura. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, mfanyabiashara mmoja mdogo wa pale njia panda akainuka, akaanza kueleza kwamba ana ombi dogo tu la kibanda karibu na kisima. Mwenyekiti alinigeukia, akanitazama kwa juu ya miwani, kisha akamwambia yule bwana akae chini, ombi lake liletwe kwa barua.

Nikaandika: Mengineyo. Hakuna.